Meno ya Gonta

Watu husifu kuta za ngome ya Iwamine, katika Japani ya kale, na kasri lake kileleni. Uvundo hawautaji. Vita ilipopamba moto, vichwa vya maadui vililetwa ukumbini mle mle walimolala wanawake, na kuvisafisha kulikuwa kazi yao: waoshe damu, wachane nywele, wapake poda. Otane, mmoja wao, alizoea kushika masikio ya baridi, ila hakuzoea uvundo.

Kilichomchefua zaidi ni meno. Waungwana walipaka meno yao rangi nyeusi, na aliyeleta kichwa cha muungwana alipandishwa cheo. Basi askari wakawabembeleza wanawake wawapake rangi hiyo hata makapuku waliouawa.

Asubuhi moja askari Muneharu alitua kikapu. "Huyu mpake sawasawa, dada. Jitu zito! Nusura anitoe roho."

Otane akafunua. Alikuwa Gonta, kaka yake, mchota maji wa ngome hiyo hiyo, aliyeshuka chemchemini jana asirudi.

Alikifunika upesi. Muneharu alipotoka, bibi Osugi, mkubwa wa wanawake wale, akamshika bega. "Funga mdomo, mwanangu. Ukimtaja, atatupwa korongoni, mbwa wamgombee. Akiwa muungwana atafukiziwa ubani, atazikwa."

"Na muuaji apewe cheo?"

"Apewe! Unataka haki, au unataka kaburi la kaka yako?"

Otane akachovya brashi kwenye ile rangi nyeusi iliyotengenezwa kwa siki na kutu ya chuma. Alipaka jino baada ya jino, akiona kinyaa: kwa Muneharu, kwa ngome, na kwa mikono yake mwenyewe iliyoifanya kazi ile vizuri mno.

Adhuhuri bwana wa ngome alikikagua kichwa. Juzijuzi tu alikuwa amemtandika Gonta bakora kwa kumwaga maji. Hakumtambua.

"Uso wa kiungwana kabisa," alisema, akainama mbele yake na kuwasha ubani.

Muneharu alitoka na upanga mpya kiunoni, akamnong'oneza Otane mlangoni, "Mkono wako una baraka, dada. Kesho nakuletea mwingine."

Otane akatazama nje. Mchota maji mpya alikuwa langoni, anajitwika mti wenye ndoo mbili, anajiimbia. Yule naye alikuwa na dada mahali fulani.

Akarudi ndani mbio, akakikumbatia kichwa cha kaka yake, akasimama mbele ya bwana.

"Huyu ni Gonta," alisema. "Wewe umekuwa ukinywa maji yake."