Uso wa Inspekta Fung

...kwa sababu jivu halipo, ndiyo maana mtaa unaonekana kama umefuliwa, alihisi tangu mwanzo kuna kitu kimepungua na hakukipata, na sasa picha imesimama kwenye kioo kikubwa, Inspekta Fung amegeuka nusu, anamwacha muuaji ashuke ngazi aende zake kwa sababu muuaji ni mdogo wake, ndio mwisho wa filamu, Hong Kong nzima iliulilia mwisho huo, na hewani hakuna hata chembe moja ya jivu, Yau Ma Tei mwezi wa saba jioni bila jivu, jamani, "Mjomba Yip, hapa pako sawa?" anauliza Hoi-ching, binti wa kampuni ya diski inayosafisha filamu za zamani, fomu ya kuidhinisha mezani, kalamu ameshamnyooshea, na Yip Kam-tong anasema, "Mmefuta jivu," "Jivu gani tena?" "La karatasi za marehemu, tulipiga picha mwezi wa saba wa Kichina, mwezi wa mizimu, mtaa mzima ulikuwa unachoma," na binti anajipiga paji la uso, "Ala! Programu imedhani ni uchafu wa kwenye filamu. Unajua tena, haikulelewa na bibi," anacheka, "linarudi hilo, nipe dakika mbili"... dakika mbili, na amefurahi kweli kwamba amewafaa kitu, lakini ndani ya dakika mbili hizo ameachwa peke yake na ule uso, na uso ule umekaza, hauna ukungu hata kidogo, unaweza kuhesabu kope moja moja, na yeye anajua kuliko mtu yeyote aliye hai kwamba uso ule haukuwahi kukaza, ulikuwa na ukungu, na ukungu ule aliutia yeye. Angesema la jivu tu. Nani angejua? Mwongozaji amekufa, mwigizaji amekufa, bosi Mok mpiga picha amekufa mwaka juzi na yeye hakwenda hata kumzika, mjane wa Mok ndiye aliyewapa hawa namba yake, amebaki yeye tu, mvuta fokasi, kazi yake ilikuwa kunyoosha futi kutoka kwenye kamera hadi puani mwa mwigizaji na kuzungusha lenzi kwa kipimo kile, kazi ndogo, ya kupima tu, na jioni ile hakupima... kwa sababu kati ya kamera na Fung palikuwa na sahani za yule mama wa duka la kamba, wali, tofu, machungwa matatu, vijiti vya udi vinafuka, ametandika ukingoni mwa njia kwa ajili ya wafu wasio na wa kuwalisha, na Kam-tong wa miaka ishirini na tano, aliyekuwa akijiita mtu wa kisasa, suruali ya kubana, miwani ya jua hata ndani ya nyumba, hakuthubutu kuruka sahani za wafu, wala kuipitisha futi juu ya chakula chao, alisimama upande wa huku akakadiria kwa jicho, futi tisa, "Umepima?" Mok akauliza, "Nimepima, bosi," uongo mkavu, na ilikuwa futi kumi na moja, alilijua hilo baadaye, waliporudia, yule mama alipoombwa akaondoa sahani zake huku akinung'unika, "Nyie watu wa sinema mna laana, wakija kuwadai msije kwangu," na njia ikawa nyeupe, akanyoosha futi sawasawa, akapima mara mbili, akaona mkono wake unatetemeka lakini kipimo ni kipimo... na wiki ile ile akasimama nje ya mlango wa chumba cha kuonyeshea, mwongozaji akinguruma, "Nani kaniharibia huu uso?" na sauti ya Mok, taratibu, kama mtu anayeagiza chai, "Mimi ndiye niliyetaka hivyo." Na kwenye sinema, kiti cha nyuma, uso ukaja na ukungu wake, watu wakalia, yeye akafumba macho, kwa kuwa mwongozaji yule siku zote alitumia teki ya mwisho, ile picha ya marudio ya mwisho, basi ile ya mwisho, ile aliyoipima mara mbili, nayo imeharibika, mkono huu hauna kazi hii, na Mok amemkinga kwa huruma, na huruma ile ilimuuma miaka yote, akaacha kamera, akauza feni na vyungu vya umeme vya wali kwenye duka la shemeji yake hadi nywele zikaisha... sasa kompyuta imemfutia aibu, bila hata kuombwa, atie sahihi tu, akale tambi zake, "Jivu limerudi, Mjomba, ona," na kweli, limerudi, linaelea begani kwa Fung, "na huu uso tumeuhangaikia siku mbili kuunoa, yule mpiga picha alipitiwa kidogo," alipitiwa, Mok, anaambiwa alipitiwa, na moyo wa Yip unaruka kwa hasira, anainamia kioo ili binti asimwone, na pale chini, pembeni, mahali ambapo kanda za video zilikuwa zinapakata pasionekane, kuna chungwa. Machungwa matatu. Sahani ya wali, vijiti vya udi. Sahani zipo... sahani ziliondolewa teki ya pili, njia ilikuwa nyeupe, aliinyoosha futi yeye mwenyewe, basi hii ni ya kwanza, na ile ya pili ilikaza, ilikuwa nzuri, ilikuwepo mkononi mwa Mok, na Mok akaiweka kando akampelekea mwongozaji hii, akasema nilitaka hivyo kwa sababu alitaka hivyo, hakuwa akimkinga mtu... ungeniambia, bosi, neno moja tu, lakini angeambiwaje mtu aliyekuwa akivuka barabara kila akikuona, ambaye tangu siku ile hakukuuliza kitu, oh, bosi, mkono ulikuwa mzima, miaka arobaini mkono ulikuwa mzima, na anaona uchungu na furaha vimeshikana hata havitenganishiki, na kalamu bado iko hewani, Fung bado amegeuka nusu, "Mjomba? Gari la kiwandani linakuja kuichukua filamu saa sita. Pako sawa?" "Hakupitiwa," anasema, "rudisheni ukungu," "Ukungu? Mjomba, lakini ule si ni kosa?" "Ni kosa. Langu. Yeye alilipenda," na machozi yanamtoka mchana kweupe mbele ya mtoto wa watu na wala hayafuti, na binti anaishusha kalamu polepole, anavuta fomu upande wake, "Sasa hapa kwa wapiga picha niandike nini? Mvuta fokasi hajatajwa kokote," ndiyo, aliomba mwenyewe jina litolewe, alimpigia magoti karani wa studio, "Andika," anasema, na analitaja jina lake lote, herufi kwa herufi.