Mapumziko ya Kubadilisha Mkanda

Siku ya kwanza ya tamasha la filamu la kiangazi, saa tisa alasiri, Fundi Mkanda alikuwa mlangoni akichana tiketi. Miaka thelathini na mmoja alionyesha filamu katika ukumbi huohuo, akibadilisha mkanda kila baada ya dakika ishirini. Sasa ilikuwapo projekta ya dijitali isiyohitaji mtu, na chumba cha juu kilitiwa kufuli. Roho yake ilibaki humo.

Mkurugenzi wa tamasha alikuwa binti wa dada yake. Nyumbani alimwita mjomba; kazini, mzee wa mlangoni.

Filamu ya ufunguzi ilikuwa ya zamani, imesafishwa kwa kompyuta ikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Dakika ya ishirini, bwana harusi aliyekuwa akiikimbilia treni alisimama, akakalia sanduku lake, akavua kiatu. Bibi harusi akajipepea kwa shela. Watazamaji wakaenda kununua soda.

Vijana wa kompyuta walibonyeza kila kitufe. Mashine ilikuwa nzima.

"Mnangoja nini?" mkurugenzi aliwauliza waliokuwa kwenye skrini.

"Fundi abadilishe mkanda," akajibu bibi harusi.

"Siku hizi hakuna mkanda."

"Haya. Sisi tupo."

Ikabidi Fundi aitwe. Alisimama chini ya skrini, akahesabu pumzi kumi, akapiga makofi mawili. "Twendeni, wanangu." Bwana harusi akavaa kiatu, akaendelea kukimbia.

Filamu ilipokwisha, Fundi aliomba kitu kimoja tu: ufunguo wa chumba cha juu.

"Mjomba, usiniharibie," mkurugenzi alisema. "Wadhamini wameambiwa mashine inajiendesha yenyewe."

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Huyu alichumia gizani, akapewa stuli nyuma ya pazia. Ilimuuma, lakini aliikalia wiki nzima, akipiga makofi kila dakika ishirini.

Siku ya kufunga filamu ileile ilirudiwa, na katika mapumziko ya dakika ya ishirini tuzo ya uonyeshaji bora ilikwenda kwa projekta.

"Mzee wa mlangoni, tusaidie kuipandisha mashine jukwaani," mkurugenzi alisema.

Aliibeba mwenyewe, waya zilizochomolewa zikiburutika. Skrini haikuzimika. Maharusi walikuwa bado wameketi stesheni, wakimtazama yeye.

"Fundi, tuendelee?" bibi harusi aliuliza.

Aliitua mashine mezani, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akarudi nyuma ya pazia na kupiga makofi yake mawili. Ukumbi mzima ulipoyasikia ulidhani mashine inapongezwa, ukasimama, ukapiga makofi pamoja naye.