Mgonjwa wa Chumba Namba Tatu

Mwaka ule biashara ya pamba iliporuhusiwa kwa watu binafsi, kila mwenye mzani na lori akawa mnunuzi, na mimi Felisita nikapunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika. Miaka kumi na minne ya ukarani, wakanipa barua na mkono wa kwaheri. Nyumba ya wageni ya chama, pale Bariadi mjini, aliinunua bwana Malimi. Akaipaka rangi ukuta wa mbele, akaandika HOTELI kwa herufi kubwa, akaniajiri mapokezi. Ukuta wa nyuma tuliambiwa utafuata.

Huduma zilikuwa za kimataifa, sikufichi. Vyumba sita, choo kimoja cha uani, na maji ya moto kwa yeyote aliyekuwa tayari kuchochea kuni mwenyewe. Vitanda alitandika Monika, binti wa marehemu kaka yangu, miaka ishirini, mpole hata akikanyagwa anaomba radhi yeye. Mama yake alimleta kutoka Zagayu akaniwekea mkono wa binti kiganjani: "Wifi, huyu nakukabidhi." Nikapokea.

Ndipo akaja Danford, mnunuzi wa pamba kutoka Dar es Salaam, na suti yake katika jua lile. Tukampa chumba namba tatu, kilicho bora kwa sababu mlango wake ulifungika. Siku ya pili akaegemea meza yangu.

"Dada, nahitaji masaji. Chumbani. Kesho saa kumi."

"Masaji hatuna, baba. Tuna chai."

"Hoteli zote kubwa zinayo." Akatupa macho uani, Monika alikokuwa anaanika mashuka. "Yule atafaa. Ana mikono laini."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia yule ni mwanangu, kazi yake mashuka. Akacheka, akaenda zake kwa Malimi. Hazikupita dakika kumi Malimi akanijia, sauti ya chini kama yuko kanisani.

"Felisita, dunia imebadilika. Mteja ndiye mfalme. Huyu akihama, kampuni yake nzima inahama, na wewe unahama nayo. Kesho saa kumi Monika aende akamkande mgongo. Ni mgongo tu."

Mgongo tu! Ulimi uliniwasha nimwambie amtume mkewe basi, kama ni mgongo tu. Nikaumeza. "Sawa, bosi," nikasema. "Nitapanga mimi."

Nikapanga kweli. Nilimtuma kondakta wa basi kwa bibi Milembe wa Dutwa, mkandaji wa mifupa. Ukianguka na baiskeli na gunia la pamba likakuangukia, unapelekwa kwa Milembe. Ng'ombe akikukanyaga, kwa Milembe. Mikono yake imezoea miguu ya maksai. Naye ana masharti mawili: mlango haufungwi, na hamgusi mtu kabla ndugu zake hawajasimama pale kushuhudia, asije akasingiziwa baadaye.

Danford hakuwa na ndugu Bariadi. Masikini! Nikaenda mashineni, kwenye foleni ya kusaga, nikamtafutia. "Yule mnunuzi hali mbaya, jamani," nikasema. "Keshaitiwa Milembe. Na hana mtu." Sikuhitaji kurudia. Huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake, sembuse mgonjwa ambaye pamba yako yote inamsubiri yeye.

Saa kumi juu ya alama Danford alikuwa kitandani, kajifunga taulo, kajipulizia manukato mpaka inzi wamehama. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Milembe na kibuyu chake cha samli.

"Mwadila, baba," akamsalimu Kisukuma.

"Huyu nani?" Danford akaniuliza.

"Masaji," nikamjibu.

Nyuma ya Milembe wakaingia watu ishirini, kofia mkononi. Pole, baba. Pole sana. Wa kuku akaleta kuku, akamfunga mguuni mwa kitanda. Eufrasia, mke wa Malimi na mkubwa wa akina mama wa kanisani, aliingia na maziwa. Mzee Bundala akainama sikioni pa mgonjwa: "Jikaze, baba. Usife kwanza, pamba yetu bado iko ndani."

Milembe akampakaza samli, akamkalia mapajani, akaanza. Loo! Mfalme wa wateja alilia!

"Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka! Niachie!"

"Anaficha," Milembe akawaambia mashahidi, akaongeza nguvu. "Nani alikupiga?"

"Mama yangu!"

"Kumbe mama yake," akasikitika mmoja mlangoni.

"Siumwi!" Danford akapiga yowe. "Siumwi kitu! Nilimtaka Monika! Malimi mwenyewe kanikubalia, kasema ataletwa Monika!"

Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kuongea. Malimi, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukagua mabati. Nami nilifurahi, nisidanganye. Nilijiona mwerevu kuliko Bariadi nzima. Niliwatazama wale mashahidi ishirini, nikasema moyoni, haya sasa, bosi, jieleze.

Eufrasia akaweka maziwa chini. Nikasubiri ampige Malimi kofi. Akampita mumewe bila kumtazama, akaenda hadi ukumbini, Monika alikosimama na ndoo.

"Wewe. Kafungashe vitu vyako, uondoke."

"Mama," nikasema, "huyu kafanya nini?"

"Wanaume hawataji jina la msichana bure. Hoteli hii ina heshima."

"Na mgeni wako?"

"Mgeni ni mgonjwa. Humwoni?"

Akina mama wakatikisa vichwa kuafiki. Walikuwa wanamtazama Monika, wote, tena wale wale niliowaalika mimi. Bundala akainama tena kuuliza mzani utafunguliwa lini. Milembe peke yake alifuta mikono, akamkataa kuku aliyetolewa kuwa ujira wake, akatoka bila kuaga mtu.

Funguo nilizirusha mezani, moja ikaangukia miguuni kwa Malimi. Akaiokota akaipangusa. Nikamchukua Monika na furushi lake, tukashika njia ya stendi kutafuta gari la Zagayu. Nilitukana njia nzima. Nilimtukana Malimi, nikamtukana mkewe, nikalitukana soko lao huria na rangi yao ya mbele. Tulipofika stendi Monika akaweka furushi chini.

"Shangazi," akasema, "mama akiniuliza nimefukuzwa kwa kosa gani, nimwambie nini?"

Nilimshika mkono, ule ule niliokabidhiwa, nikatazama barabara ya Zagayu.