Jogoo Chini ya Ngazi ya Bi Lurleen

Kila msimu wa maua, mji wetu wa Harlow Bend hufungua nyumba zake kongwe kwa wageni. Akina mama huvaa magauni ya kizamani, mapana kama mahema, wakasimama mlangoni kudanganya kwa adabu. Mimi ni seremala. Nimeshatengeneza ngazi za karibu nyumba zote hizo, kwa hiyo uongo wa kila nyumba naujua.

Mwaka huu kamati ya matembezi hayo ilitaka kuvunja nyumba ya Bi Ozella Crumpton, vyumba vitatu vya mbao, ili mabasi ya watalii yapate pa kuegesha. "Haina historia," alisema mwenyekiti, Bi Lurleen Hathcock. Kura ingepigwa Jumatatu.

Jumamosi, Bi Ozella akatinga kwa Bi Lurleen na kofia yake ya kanisani, akajichomeka katikati ya wageni. Mimi nilikuwa pale nakaza kitasa.

"Nyumba hii," akasema Bi Lurleen, "ilijengwa na Mfaransa."

"Mfaransa gani huyo, mpenzi?" Bi Ozella akauliza, sauti asali tupu.

"Jina limepotea."

"Maskini! Basi tumtafute. Royce, mwanangu, una tochi?"

Nilikuwa nayo. Nikafungua kabati la chini ya ngazi, nikasogeza chupa za matunda ya pichi, nikamulika. Chini ya kipandio cha tatu palikuwa na jogoo mdogo wa kuchongwa, mkia manyoya matatu.

"Hiyo ndiyo sahihi ya Josiah, babu wa mama yangu," Bi Ozella akawaambia wageni. "Alizaliwa mtumwa. Kila ngazi aliyojenga, alificha jogoo. Jogoo mkubwa yuko juu ya mlango wa nyumba yangu, aliyojijengea mwenyewe. Njooni mumwone, kabla hawa wa kamati hawajamchinja Jumatatu."

Wageni wote wakamfuata. Bi Lurleen naye akataka kuwawahi, gauni likamkwamisha mlangoni.

"Royce! Ulijua?"

"Miaka kumi na tisa, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Nilianza kukwambia. Ukasema nifunge kabati."

Jumatatu nyumba ikapona. Aliyetoa hoja ni Bi Lurleen mwenyewe, eti alikuwa na wazo hilo siku nyingi. Sasa matembezi yanaanzia kwa Bi Ozella.

Taabu imebaki kwangu. Wenye nyumba zisizo na jogoo wananijia kwa mlango wa nyuma: "Royce, tuchongee japo kadogo."

Nimewaambia mimi natengeneza ngazi, sifugi kuku.