Kuamkia Samaki

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi Tadeo, karani wa shamba la mkonge lililokuwa maili sita bara ya Tongoni, alishuka bwawani na kipimajoto, ufito wenye alama za futi na daftari. Alipima joto la maji na kina chake, akatazama upepo, kisha akarudi kuandika kwa chaki kwenye ubao wa klabu ya wavuvi: maji yakoje, samaki wamelala wapi, chambo gani kinafaa. Wanachama walikuwa Wazungu wa mashamba ya jirani, nao waliusoma ubao kabla ya kuagiza chai. Tadeo alikuwa Mshambaa wa milimani asiyekula samaki, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Masika ya mwaka 1955 yaliingia vizuri. Maji yaliongezeka futi mbili, yakawa vuguvugu na rangi ya chai ya maziwa. Perege walisogea kwenye maji ya kina kifupi kuchimba viota, kambare wakajazana kwenye mdomo wa kijito. Kwa hali ile hata mvivu angevua akiwa amekaa. Hata hivyo wiki tatu zilipita bila mtu kupata kitu. Samaki walikuja mpaka kwenye nyungunyungu, wakaitazama ndoana bila haraka, wakageuka. Mashindano ya Kombe yalikuwa Jumatatu ya Pasaka, na meneja wa shamba alianza kumtazama Tadeo kana kwamba karani ndiye anayewashibisha samaki.

Wiki hiyo hiyo Bi Mwatumu alikuja ofisini. Alikuwa mkulima wa mihogo, mwenye miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mzambarauni. Mzambarauni sasa ilikuwa chini ya bwawa, nyumba na makaburi pamoja. Mwaka huo Pasaka iliangukia katikati ya Shaabani, na Shaabani ndio mwezi ambao watu wa huko huyafyeka makaburi ya wazee wao kabla ya kufunga. Bi Mwatumu alipiga hodi, akamsalimu meneja, akamuuliza hali ya mkewe, ya watoto na ya mkonge. Ndipo akaomba lango la maji lifunguliwe siku moja tu, bwawa lishuke, amng'olee magugu mama yake, Bi Kijakazi. Miaka minne hajamfikia.

"Baada ya mashindano," alisema meneja, naye hakuinua macho.

Bi Mwatumu alishukuru, akashuka ukingoni, akasimama kuyaelekea makaburi yalipokuwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti kutoka majini. "Mbuzi wako kashazaa?"

"Kazaa pacha."

Walizungumza kidogo juu ya mbuzi, na juu ya mkwe mmoja asiyependa kazi. Walipomaliza, perege mkubwa aliogelea mpaka kwenye tope, akajilaza ubavu miguuni pa Bi Mwatumu. Alimfunga kwenye upindo wa kanga. Tadeo, aliyekuwa akipima kina hatua kumi kando, aliandika saa kwenye daftari.

"Kumbe samaki hawa wana wenyewe?" aliuliza.

"Wanafugwa. Nawe, mwanangu, waweza kuingia zizini kwa watu bila hodi?"

Tadeo hakuona sababu ya kuficha jambo linalohusu kazi yake. Jumamosi ubao ulisomeka hivi: Joto, digrii sabini na tisa. Upepo, kusi, mdogo. Chambo, nyungunyungu. Kabla ya kutupa ndoana, salimu.

Wanachama walianza na "jambo". Maji hayakusema kitu. Tadeo aliwaeleza kwa upole kwamba wale ni wazee wa watu, huamkiwa. Basi wiki nzima, barazani pa klabu, watu waliokaa Tanganyika miaka ishirini bila kumwamkia mtu yeyote walijifunza shikamoo, wakasahihishana, wakanuniana. Meneja aliipata kabla ya wenzake. Alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo, akaitamka bila pupa. Haki ya mtu apewe: alipendeza.

Jumatatu ya Pasaka alisimama ukingoni. "Shikamooni."

"Marahaba," zilijibu sauti nyingi, za kiume na za kike, na mzee mmoja akamuuliza watoto hawajambo. Meneja hakulielewa swali, lakini alivua perege thelathini na mmoja, na kambare wa ratili kumi na nne. Kombe likawa lake.

Jumanne Bi Mwatumu alirudi ofisini. Meneja alimweleza kwamba hali ya bwawa haijapata kuwa nzuri kiasi kile, kwa hiyo maji hayatashushwa. Tena wanachama walikuwa wamelalamika. Wenyeji wakipita ukingoni husalimu kwa urefu mno, wakauliza mbuzi, wakauliza wagonjwa, na mazungumzo yakiendelea hakuna samaki anayeachiwa. Bwawa likazungushiwa waya. Tadeo aliamriwa kuandika ubao mpya: Kusalimu samaki ni kwa wanachama tu. Aliuandika vizuri, kama alivyoandika kila kitu, kisha akamsomea Bi Mwatumu mwenyewe huku akiona haya.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya Shaabani Bi Mwatumu alisimama nje ya waya. Meneja alikuwa ndani, ameshasalimu, ameshatupa ndoana. Ilimbidi mama wa watu apaze sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo uko mbali?"

"Pana waya. Mama, yule bwana mbona unampa samaki?"

"Kasalimu. Mgeni kaja, kavua kofia, kasalimu. Nimnyime?"

Bi Mwatumu hakuweza kubisha, maana ndivyo mama huyo huyo alivyomlea. "Lakini inaniuma, mama," alisema.

"Na wewe waja lini? Magugu yashanifika kichwani."

"Wamekataa."

"Waliombwa vizuri?"

"Vizuri."

"Ulianza kwa salamu?"

"Nilianza kwa salamu, mama. Nikamuuliza na watoto."

Bi Kijakazi alikuwa ameishi miaka sabini, na kufa alikuwa amekufa miaka kumi na saba, na katika muda wote huo hakupata kusikia mtu aliyesalimu hivyo akarudi mikono mitupu. Mazungumzo yakaishia hapo. Ndani ya waya meneja alivuta perege mwingine, akayainamia maji, akasema ahsante.