Kufuli Ambalo Hakuliweka

Jumatatu ile kaka yake Bisibisi alitoka nyumbani na shati alilolipiga pasi mwenyewe, na kabla ya saa nne asubuhi moyo wake ukasimama, kwenye ngazi za hospitali alikokuwa fundi wa kompyuta miaka tisa. Hakuugua, hakuaga. Watu wa maabara walipopata habari waliacha kazi, wakaingia katika chumba chake kidogo, wakazima feni, taa na kila kilichokuwa kinawaka, wakasimama kimya. Kisha wakafunga mlango.

Siku ya kumi simu iliita. Bisibisi, jina alilobandikwa na kaka huyohuyo enzi alipokuwa mtoto wa kufungua redio za watu, alikuwa na meza yake ya kutengeneza kompyuta. Aliyepiga ni mkuu wa maabara. Hakutoa pole. Alisema seva, kompyuta kuu ya maabara, imegoma, majibu ya damu hayatoki, na marehemu ameondoka na funguo.

"Funguo gani?"

"Njoo utaona."

Aliona kabla hata ya kufika chumbani. Ubaoni, kando ya orodha ya zamu, palikuwa na tangazo lenye muhuri: majibu yanachelewa kwa sababu aliyekuwa fundi wa kompyuta alifunga mitambo kwa makusudi. Bisibisi alilisoma mara mbili. Ijumaa mama yao angekuja kuchukua vitu vya mwanawe. Mama alikuwa mwalimu mstaafu, na hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani aliyowahi kuipita bila kuisoma. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Maiti haulizwi sanda, lakini huyu alikuwa anaulizwa nywila.

Mkuu alieleza kwamba walikodi mtaalamu, akaichukua nakala ya akiba ya mashine pepe, akaiweka kwenye seva mpya, ikakataa kuwaka. Basi, alisema, imetegewa. Bisibisi aliuma meno. Kifaa cha kupimia damu kilikuwa cha zamani, na programu yake ilijua kuishi kwenye kompyuta za zamani tu. Kompyuta za aina hiyo zilipokwisha, kaka aliijengea moja isiyo na mwili, ndiyo hiyo mashine pepe, ndani ya seva. Kama bibi kizee aliyehamishiwa nyumba ya kisasa, chumba chake kikapangwa vilevile, kitanda upande uleule. Seva mpya ilikuwa na namna yake ya kuamka, ambayo bibi kizee hakuijua. Hilo si kufuli.

"Na seva ya zamani, huyo mtaalamu aliiangalia?"

"Haina skrini," mkuu alisema. "Angeangalia nini?"

Kweli haikuwa na skrini wala kibodi. Kaka alikuwa akiifikia kwa mtandao kutoka mezani kwake. Mtaalamu naye aliiita kwa mtandao, haikuitika, akaenda zake.

Bisibisi akang'oa skrini ya mapokezi. Mpima damu, mama mmoja mcheshi aliyezoea kumwita marehemu kwa utani "mume wangu mdogo", akambebea kibodi. Walipochomeka nyaya, maneno yakatokea: betri ya kumbukumbu imekufa, mipangilio imepotea, bonyeza kitufe chochote uendelee. Seva ilikuwa imesimama hapo siku zote hizo inasubiri kidole, na hakuna aliyeiona.

"Nani aliizima?"

Mpima damu ndiye aliyejibu. "Ni sisi, mdogo wangu. Siku ile. Tulizima kila kitu. Tulidhani ni heshima."

Miaka minne seva haikuwahi kuzimwa. Betri yake, ndogo kama kifungo cha koti, ilikuwa imejifia zamani bila mtu kujua. Walipoiwasha tena baada ya mazishi, ilikuwa imesahau kila kitu. Bisibisi alitaka kumkasirikia yule mama, akashindwa. Hasira ilikosa pa kukaa, ikarudi kwa mkuu, tena na riba.

Alibonyeza. Seva iliamka, lakini mashine pepe ikagoma: katika kusahau kwake, seva ilikuwa imezima uwezo wake wa kubeba mashine nyingine tumboni. Akaingia kwenye mipangilio, akauwasha, akarekebisha tarehe. Kilibaki kitufe kimoja. Akamwita mkuu.

"Nimemaliza. Kwanza bandua lile tangazo."

"Washa. La tangazo tutalijadili kikaoni Jumatatu."

Jumatatu, baada ya Ijumaa. Bisibisi aliondoa kidole. Kupitia dirisha aliona watu wamejaa kwenye mabenchi, na baba mmoja amemlaza mtoto begani, anatembea naye huku na huku. Alijua kaka yake angefanya nini, na kujua huko kukamzidishia hasira. Akabonyeza.

Printa ilipoanza kutema majibu, alikwenda ubaoni akachomoa pini nne, moja moja, watu wakitazama.

"Hiyo ni karatasi ya ofisi," mkuu alisema.

"Karatasi ya ofisi, jina la kaka yangu. Andika nyingine. Andika betri ilikufa na mtaalamu wako hakutafuta hata skrini. Ukiandika uongo tena, nitakujibu mimi. Mimi bado nina mdomo."

Mpima damu, bila kumwangalia mtu, akasema, "Na muhuri si upo, mkuu."

Mkuu hakuandika chochote, si uongo si ukweli. Ijumaa mama alikuja, akasoma orodha ya zamu kuanzia juu hadi chini, akachukua koti na kandambili za mwanawe, akaondoka.

Betri mpya imewekwa. Umeme ukikatika, mpima damu ndiye anayeiwasha seva, na ikimshinda anampigia Bisibisi.