Viroboto Waliojua Kisandawe

Jumamosi moja ya Desemba, saa nne asubuhi, Editha alinyunyiza dawa ya unga kwenye godoro la Tabu, msichana wake wa kazi, akapulizia nyingine ukutani, akafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kanga kuukuu. Kisha akarudi sebuleni kujikuna. Chumba cha Tabu hakikuwa na kiroboto hata mmoja. Viroboto walikuwa kwenye zulia, kwenye makochi, na zaidi kwenye kitanda cha Editha na mumewe Faustini, kwa sababu ndiko alikokuwa akilala mbwa wao, Rex.

Faustini aliwaambia wageni kuwa Rex ni Mjerumani. Alizaliwa Kizota, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, lakini mbwa wa mkuu wa kitengo hawezi kuzaliwa Kizota.

Juzi yake alikuwa amekuja Gerson, bwana mifugo.

“Mama, tuanze na mbwa,” alisema. “Mwogesheni dawa, na kitandani asipande. Mashuka mchemshe, zulia mlianike juani. Baada ya wiki mbili mrudie, maana mayai yatakuwa yameanguliwa.”

Editha alisonya. “Rex anaoga shampuu kuliko wewe. Hawa kaja nao huyu binti. Kwao Chemba wanalala na mbuzi.”

Gerson alimaliza chai yake akaondoka. Alikuwa na digrii, lakini chai ilikuwa na sambusa.

Ni kweli kwamba kwa kina Tabu mbuzi walilala ndani. Ndiyo maana kwao watu walijua jinsi ya kuzungumza na viroboto. Tabu hakuwahi kufanya hivyo hapa Nzuguni, kwa kina Editha, kwa kuwa Editha alimkataza kusema Kisandawe, lugha ya kwao, mbele ya wageni. Ila safari hii alikuwa na jambo la kupoteza. Miaka mitatu aliahidiwa kupelekwa chuo cha ushonaji, na sasa fomu ilikuwa juu ya friji, imejazwa, ikisubiri saini ya Faustini kama mlezi. Akifukuzwa kabla ya Januari, basi tena.

Akaweka beseni la maji ya sabuni katikati ya sebule, akachuchumaa, akaanza kuwaita kwa Kisandawe, ulimi ukigonga kaakaa katikati ya maneno. Kila ulimi ulipogonga, kiroboto mmoja aliruka akaingia majini.

Walikuja kwa mistari. Wengine walitoka kwenye makochi, wengine masikioni mwa Rex. Mstari mrefu kuliko yote ulitoka kitandani, na hao ndio walionenepa zaidi. Editha alipandisha gauni kidogo wapite. Faustini aliomba wasipitie nyuma ya televisheni, kuna nyaya, wakazunguka. Yeye mwenyewe alikwenda kuondoa ile kanga kwenye mlango wa Tabu, akasubiri nusu saa nzima. Hakutoka hata mmoja. Kufika saa saba maji yalikuwa meusi tii.

Editha aliinamia beseni. “Umeona, baba? Si nilisema?”

“Ulisema nini?”

“Kama si wa kwake, mbona wanamsikia? Mimi nimekaa nao miezi mitatu, hakuna aliyewahi kuniitikia.”

“Mama, lakini wametoka kitandani kwenu,” alisema Tabu.

“Walikwenda kutembea tu.”

Faustini, ambaye kazini ni mtu wa takwimu, aliona hoja ina uzito. Ulikuwa uonevu mtupu, na wote watatu walijua. Saa kumi Tabu alikuwa kwenye basi la Chemba na mfuko wake, ambao Editha aliukung'uta kwanza getini, asije akabeba kitu cha watu. Fomu haikutiwa saini.

Wiki mbili baadaye mayai yaliyokuwa kwenye zulia yakaanguliwa. Rex alikuwa kitandani. Editha akapiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Tabu mwanangu. Nimekuweka laudispika. Hebu waite.”

“Na fomu yangu, mama?”

“Waite kwanza.”

Tabu akawaita, amesimama uani kwa mama yake, mpaka ulimi ukafanya malengelenge. Nzuguni viroboto walisikia, wakashuka kitandani, wakajitumbukiza kwenye beseni aliloliweka Faustini kwa mikono yake. Wa mwisho alipozama, Editha akaokota simu zuliani.

“Wameisha,” alisema, akakata.

Chuo kilifunguliwa, wasichana wakaanza kushona. Simu inapigwa kila baada ya Jumamosi mbili. Nyumba ya Editha sasa inasifiwa mtaa mzima kwa usafi, na jirani anayemuuliza ni dawa gani iliyowamaliza viroboto hupewa jibu bila kuficha:

“Nilimfukuza yule msichana.”